Mlango wa Tribinali na Mlango wa Nyumba

(Mazungumzo ya redio juu ya amani, yameandikwa hapa kwa ajili ya wale ambao hawakuyasikia)

 

Wengi wenu mmetuuliza: namna gani raia anaweza kujua tribinali inafanya nini na kesi yake? Na kama hakimu au karani amekosa, nani anamchunguza, nasi tutajuaje kama amechunguzwa kweli? Ni maulizo mazuri. Leo tutayajibu, lakini tutaongeza ulizo lingine ambalo watu hawapendi kuuliza: ni kitu gani cha wale watu wa sheria ambacho raia hana haki ya kukijua? Kwani pale watu wanapokosa kutenganisha mambo hayo mawili, moto unawaka kijijini.

Niwape kwanza habari niliyojionea mwenyewe. Mji sitautaja, wala watu.

Mzee mmoja alikuwa na kesi ya parsela yake. Kesi ilisikilizwa, hukumu ikasomwa mbele ya watu, naye akashinda. Kiisha vita ikaja, akakimbia, karatasi zake zikaungua pamoja na nyumba. Aliporudi karibu na mji akakuta mtu mwingine amejenga pale. Akaenda katika ofisi ya karani wa tribinali kuomba kopi ya hukumu. Siku ya kwanza wakamwambia, "Mzee, rudi kesho." Siku ya pili wakamwambia dosie haionekani. Siku ya tatu mmoja akamwambia kwa sauti ya chini kwamba mambo ya tribinali ni siri, lakini siri inaweza kufunguka kama mzee ataleta pesa ya sabuni.

Mzee hakuwa na pesa hiyo. Akapeleka mashitaka kwa wakubwa. Baada ya muda akaja mkaguzi, mama mmoja ambaye kazi yake ni kuchunguza kazi za tribinali. Akafungua madaftari siku mbili, akaondoka. Yakapita majuma mawili, matatu, hakuna habari. Watu wakaanza kusema, "Naye amekula."

Jioni moja nikakuta vijana kama kumi na tano katika kambi wameinamia karatasi. Wameandika jina la karani, jina la mkaguzi, avenyu wanapoishi, rangi ya mlango, shule ya watoto wa mkaguzi. Chini kabisa mmoja ameongeza kabila la kila mtu. Karatasi ilikwisha kupigwa picha, nayo ilikuwa inatembea katika vikundi vya WhatsApp.

Nikawauliza, "Watoto wangu, karatasi hii ni ya kazi gani?"

Mmoja akanijibu, "Baba, si ninyi mnaosema kila siku katika redio kwamba raia ana haki ya kujua? Basi, tumejua."

Jibu lile lilinichoma, wandugu. Sikulala vizuri usiku ule. Ndiyo sababu ninazungumza leo.

Angalieni makosa yaliyokuwa pale. Karani alificha kitu cha watu wote: hukumu iliyosomwa mchana mbele ya watu. Vijana nao walifunua kitu ambacho si cha watu wote: mahali mama analala na watoto wake. Kila upande ulisema una haki. Karani alisema "siri ya kazi", vijana wakasema "haki ya kujua". Maneno mazuri yote mawili, lakini yaliwekwa mahali pasipo pake.

Sheria ya nchi yetu inasema nini? Katiba ya tarehe 18 mwezi wa pili 2006, kifungu cha 20, inasema kwamba vikao vya tribinali ni vya wazi, isipokuwa pale inapoonekana kwamba kuwa wazi kutaleta hatari kwa utulivu wa watu au kwa maadili mema. Kifungu cha 21 kinasema kila hukumu inatolewa kwa sababu zake, inaandikwa, inasomwa mbele ya watu. Kifungu cha 24 kinasema kila mtu ana haki ya kupata habari. Lakini kifungu hichohicho kinaweka mpaka juu ya kutangaza habari: utulivu wa watu wote, maadili mema, na haki za watu wengine. Halafu kifungu cha 31 kinasema kila mtu ana haki ya kuheshimiwa katika maisha yake ya ndani. Hakikusema "kila mtu isipokuwa hakimu". Hakikusema "isipokuwa karani". Tena tangu tarehe 13 mwezi wa tatu 2023 nchi yetu ina sheria kubwa juu ya mambo ya kompyuta na telefone, nayo inalinda habari za mtu binafsi. Picha ya karatasi ya wale vijana, ikitembea kwa telefone, inaingia ndani ya sheria hiyo.

Basi Katiba imeweka milango miwili. Mlango wa tribinali uwe wazi. Mlango wa nyumba ufungwe. Kosa la karani lilikuwa kufunga ule wa kwanza. Kosa la vijana lilikuwa kuvunja ule wa pili.

Lakini mtu ataniuliza, "Na wale wanaowachunguza mahakimu je?" Katika nchi yetu kuna Baraza Kuu la Mahakimu, ambalo Katiba inalitaja katika kifungu cha 152, ndilo linalowatia adabu mahakimu waliokosa. Kuna pia wakaguzi wa wizara ya sheria, wanaokagua tribinali, parke na magereza. Chini yao kuna waandishi, watunza madaftari, madereva. Watu hao wanaishi katika mji uleule pamoja na wale wanaowachunguza. Wanakutana nao sokoni na kanisani. Watoto wao wanasoma pamoja. Na anayewapa habari mara nyingi ni mtu mdogo: karani wa chini aliyeona dosie ikitolewa usiku, au mama mmoja aliyeombwa pesa. Jina la mtu huyo likitoka kabla ya kazi kwisha, kesho hakuna atakayesema tena. Kwa hiyo wakati wa uchunguzi, giza kidogo ni la lazima.

Lakini giza hilo lisiwe la milele. Mkaguzi anayekuja, anaandika, anaondoka, na hakuna anayesikia neno tena, kwa raia ni kama hakuja. Kimya chake kinazaa uvumi, na uvumi unazaa ile karatasi. Uchunguzi ukiisha, watu waambiwe: mashitaka yalipokelewa siku fulani, yalionekana ya kweli au ya uongo, hatua hii ilichukuliwa. Hiyo si siri. Hiyo ni kazi ya watu wote.

Wandugu, shida hii haikuanza kwetu leo. Nitawakumbusha kesi moja iliyotoka Ituri ikasikilizwa mbali, katika Korti Penali ya Kimataifa kule La Haye, Uholanzi. Ni kesi ya Thomas Lubanga, iliyoanza kusikilizwa tarehe 26 mwezi wa kwanza 2009, juu ya kuingiza watoto katika jeshi la kundi lake.

Wachunguzi wa prokirere wa korti ile hawakuweza kutembea vijijini kwa urahisi. Vita ilikuwa kali. Basi wakatumia watu wa katikati, wenyeji wa kwetu, wawatafutie mashahidi. Watu hao walijitia katika hatari kubwa, kwa hiyo wengi hawakutajwa kwa jina. Waliitwa kwa namba. Hapo hakuna ubaya. Lakini avoka wa mshitakiwa wakasema: baadhi ya watu hawa wamewafundisha mashahidi uongo, tunataka kuwajua. Mahakimu wakaona ulizo hilo ni la haki. Mwaka wa 2010 wakaamuru jina la mmoja wao, aliyeitwa namba 143, liambiwe upande wa avoka, si dunia nzima. Prokirere akakataa, akisema ulinzi wa mtu huyo haujawa tayari. Tarehe 8 mwezi wa saba 2010 mahakimu wakasimamisha kesi yote. Watu wa Ituri wakabaki wanashangaa: kesi ya watoto wetu imesimama kwa ajili ya jina moja!

Tarehe 8 mwezi wa kumi mwaka uleule mahakimu wa rufaa wakairudisha kesi. Walisema kulikuwa na njia nyingine za kumlazimisha prokirere kabla ya kuvunja kesi. Lakini walisema pia kwamba prokirere anapaswa kutii amri za mahakimu, hata anapoona yeye ndiye anayejua ulinzi. Na katika hukumu ya tarehe 14 mwezi wa tatu 2012, Lubanga alihukumiwa kuwa na kosa. Hata hivyo mahakimu waliandika kwamba prokirere hakupaswa kuwaachia watu wa katikati kazi yake ya uchunguzi, na kwamba ushuhuda wa mashahidi kadhaa haukuweza kutegemewa kwa sababu watu watatu kati yao walifanya kazi bila kusimamiwa.

Tunajifunza nini hapo? Mambo mawili. La kwanza: kulificha jina la mtu aliye katika hatari ni haki. La pili: jina likifichwa, kazi yake ichunguzwe maradufu. Kwani pale watu hawawezi kuona, lazima awepo mwenye haki anayeona kwa niaba yao. Siri isiyo na mwangalizi inaoza. Na zaidi, angalieni namna mahakimu walivyotaka jina litoke: kwa yule anayelihitaji kwa kazi ya sheria, baada ya kupanga ulinzi. Kati ya kuficha kabisa na kupiga mbiu sokoni, kuna njia ya katikati.

Njia hiyo tuliiona pia karibu, katika Kivu ya Kusini. Mwezi wa kumi na moja 2017 korti ya kijeshi ilikuja kukaa Kavumu penyewe, kusikiliza kesi ya watoto wadogo wa kike waliotekwa usiku na kunajisiwa. Watu wa pale waliona korti kwa macho yao. Lakini mashahidi na wazazi waliozungumza walifichwa uso, na sauti zao zikabadilishwa. Tarehe 13 mwezi wa kumi na mbili hukumu ikasomwa, washitakiwa kumi na mmoja wakafungwa maisha, mmoja wao alikuwa mbunge wa jimbo. Mlango wa korti ulikuwa wazi, mlango wa nyumba za wale wazazi ukabaki umefungwa. Inawezekana, wandugu. Imefanyika kwetu.

Labda mtu atasema, "Kwa shahidi ninakubali. Lakini hakimu na mkaguzi wanalipwa na serikali, waogope nini?" Ndugu yangu, kumbuka Beni. Mwezi wa kumi 2020 gereza la Kangbayi lilishambuliwa, wafungwa zaidi ya elfu moja wakatoka katika asubuhi moja. Kumbuka Goma. Mwishoni mwa mwezi wa kwanza 2025, vita ilipoingia mjini, wafungwa wa gereza la Munzenze walitoroka. Kati ya watu waliotoka namna ile walikuwamo wenye makosa mazito. Hakimu aliyewahukumu, karani aliyeandika, shahidi aliyesema, wote walijiuliza swali moja: wanajua ninapolala? Siku kama ile, karatasi yenye avenyu na rangi ya mlango ni silaha.

Wala si kwetu tu. Huko Marekani, mwezi wa saba 2020, mtu mmoja aliyekuwa avoka alikwenda nyumbani kwa hakimu Esther Salas katika jimbo la New Jersey. Alikuwa amekusanya habari za nyumba yake na za jamaa yake. Akamwua kijana wake wa pekee, Daniel, akamjeruhi bwana yake. Mwezi wa kumi na mbili 2022 nchi ile ikatoa sheria yenye jina la kijana huyo, ya kulinda anwani, telefone na habari nyingine za namna hiyo za mahakimu wa serikali kuu na jamaa zao. Hukumu za mahakimu haziko katika mambo yanayofichwa: hizo mtu anazisoma na kuzipinga kama zamani.

Sasa tuje kwenye matendo. Ninyi wazee, mashefu, na wakubwa wa kambi, watu wanakuja kwenu wakiwa na hasira. Mtawaongoza namna gani?

Ombeni bila woga mambo haya: namba ya dosie, siku ya kusikilizwa, majina ya mahakimu waliokaa, kwani majina yao yako juu ya hukumu, hukumu yenyewe, bei ya kopi, na resi yenye kashe kwa kila faranga iliyolipwa. Kama mmepeleka mashitaka juu ya hakimu au karani, ulizeni: yamepokelewa siku gani? Yako kwa nani, yaani ofisi gani? Yamekwisha au bado? Andikeni barua. Kifungu cha 27 cha Katiba kinampa kila Mkongomani haki ya kuandika ombi kwa wakubwa wa serikali, peke yake au pamoja na wengine, na wakubwa wanapaswa kujibu ndani ya miezi mitatu. Tena kinasema mtu asishitakiwe kwa sababu ya kuandika ombi hilo. Wekeni kopi ya barua, tena hesabuni siku.

Msiombe wala msipokee mambo haya: avenyu ya mtu, namba ya telefone yake ya nyumbani, jina la mke au bwana, shule ya watoto, kijiji cha wazazi, kabila. Hasa kabila. Hukumu mbaya ni mbaya hata ikitolewa na mtu wa kwenu, na hukumu njema ni njema hata ikitolewa na mtu wa mbali. Mtu akikuletea karatasi ya namna ile, usiisome mbele ya watu. Umwambie, "Mwanangu, toa yote, acha namba ya dosie tu. Tutaanzia hapo." Na kama picha imekwisha kuingia katika telefone yako, iishie kwako. Usiipeleke mbele hata kwa kusema, "Angalieni ubaya huu."

Nanyi ndugu mnaofanya kazi katika tribinali na katika ukaguzi, ninawaomba kwa heshima. Ulinzi mnaoutaka ni haki yenu, lakini msifiche pesa ya sabuni nyuma yake. Bandikeni bei ukutani. Bandikeni orodha ya kesi za juma. Ukaguzi ukiisha, semeni matokeo. Kila jambo la kazi mnalolificha bila sababu, mnampa mtu mwenye hasira sababu ya kuja kulitafuta nyumbani kwenu. Na pale vita imefunga tribinali, anayezilinda zile dosie ajue amebeba mashamba na parsela za watu maelfu, na majina ya mashahidi pia. Zisiuzwe, zisichomwe, zisisomwe na asiyehusika.

Na sisi tuliokimbia, tusisahau kwamba tunayajua mambo haya katika mwili wetu. Jina letu liko juu ya orodha ya chakula, ya mahema, ya dawa. Kuna mama ambaye hataki mtu ajue alitoka kijiji gani na kwa sababu gani. Anataka orodha iwe wazi ili unga usiibiwe, naye anataka habari zake zisisomwe mbele ya kambi. Je, mama huyo anaomba mambo mawili yanayopingana? Hapana. Anaomba unga uhesabiwe hadharani, na maisha yake yaachwe kwake. Kile anachoomba yeye, ndicho anachoomba yule mkaguzi.

Nimalize na yule mzee. Usiku ule tulikaa na vijana mpaka saa nne. Mwishowe wakachoma karatasi, na kila mmoja akafuta picha mbele ya wenzake. Najua labda picha moja ilibaki mahali fulani. Neno likitoka halirudi. Kesho yake tukaandika barua ya ukurasa mmoja: namba ya kesi, ambayo mzee aliikumbuka kichwani, siku ya hukumu, na ombi la kopi. Wazee sita wakatia sahihi. Hatukuandika jina la kabila lolote. Baada ya majuma manane kopi ilitoka, na resi yake. Mashitaka juu ya karani, hayo hatujajibiwa mpaka leo. Tumeandika tena, nasi tunahesabu siku.

Mkaguzi naye, siku moja alimwambia mzee mmoja kwamba kwa muda wa mwezi mzima mtoto wake alipelekwa shuleni kwa njia tofauti kila asubuhi. Alijua juu ya karatasi. Hata hivyo alimaliza kazi yake, akaiandika, akaipeleka kwa wakubwa. Tulikuwa tunamwita mla rushwa, kumbe alikuwa anatufanyia kazi akiwa na hofu.

Wandugu wasikilizaji, tudai mlango wa tribinali ufunguliwe, mchana, kwa barua, kwa sauti moja. Na usiku ukifika, kila mtu alale nyumbani kwake bila kuogopa anayebisha.

 Mlio na maulizo, mtuletee. Msituandikie avenyu ya mtu.